Heshima, Utani na Ujasiri: Maadili Yetu katika Miradi ya Teknolojia

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii hunukuliwa sana katika mikutano ya miradi hapa nchini, uwe ni mradi wa kuchimba kisima au wa kuunda programu ya tarakilishi. Hata hivyo, ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali linaloifuata: je, kidole kimojawapo kikigundua kwamba kinachofinywa si chawa bali ni chunjua, kitathubutu kuviambia vidole vingine? Makala haya yananuia kulitafakari swali hilo, kwani naamini kuwa ndani yake mna siri ya kufaulu na kuanguka kwa miradi yetu mingi ya teknolojia.

Kuna kauli mbili ambazo husikika kila suala la utamaduni na teknolojia linapozuka. Kauli ya kwanza hudai kwamba utamaduni wa Kiafrika ni kikwazo: humfunza kijana utiifu badala ya udadisi, na humwogofya asijaribu jambo ambalo babu yake hakulijaribu. Kauli ya pili hudai kinyume chake: kwamba moyo wetu wa ushirika ni dawa tosha, na kwamba tukiurejea tu, miradi itasimama yenyewe. Nionavyo mimi, kauli zote mbili zimeona upande mmoja wa shilingi. Maadili yetu yametupa mbinu madhubuti ya kuibeba hatari kwa pamoja. Lakini maadili hayo hayo, yanapofuatwa nusu, humfumba mdomo yule aliyeiona hatari mapema. Nusu ambayo tumeiacha nje ya ofisi zetu, na ambayo ningependa tuirudishe, ni utani.

Nianze na ujasiri. Si kweli kwamba sisi ni watu wa kuogopa hasara. Baada ya uhuru mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta aliifanya harambee kuwa wito wa taifa, na katika miaka ya 1970 wito huo ulizaa vyuo vya teknolojia. Chuo cha Kimathi kule Nyeri kilianzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za wananchi, na Chuo cha Ramogi kule Kisumu nacho ni tunda la michango ya aina hiyo. Hebu tumfikirie mkulima aliyetoa shilingi zake chache kwa ajili ya karakana ambayo hakuwahi kuiona mfano wake. Hakuwa na hakika kwamba mwanawe angesomea humo, wala kwamba kuta zingefika kwenye linta. Alitoa kwa sababu jirani yake naye alitoa, na kwa sababu mradi ukianguka, hakuna boma ambalo lingelala njaa kwa hasara hiyo. Hii leo chuo kile cha Nyeri ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, hadhi iliyokipata mwaka 2012. Huo si woga. Ni ujasiri uliogawanywa katika mafungu madogo madogo hadi kila bega likaweza kulibeba fungu lake. Hata chama cha akina mama wanaochangiana kila mwezi hufuata kanuni hiyo hiyo.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na teknolojia yenyewe. Mnamo Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone, kwa msaada wa fedha kutoka serikali ya Uingereza, walianza kuijaribu huduma iliyokuja kuitwa M-Pesa. Lengo la awali halikuwa lile tulijualo leo. Wateja wa shirika la mikopo midogo la Faulu, ambao walikopa katika vikundi na kudhaminiana, walikusudiwa waitumie rununu kulipia mikopo yao. Haukupita muda mrefu kabla ya wateja hao kuanza kuitumia huduma kwa namna ambayo wabunifu hawakuipanga: walitumiana pesa wao kwa wao. Waliouongoza mradi wangeweza kuwakaripia na kuwarudisha kwenye mpango. Badala yake waliuweka mpango wa mikopo kando, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa umma ikiwa ya kutuma na kupokea pesa.

Katika mfano huu nayaona mambo mawili. La kwanza ni kwamba maadili ya mtumiaji ndiyo yaliyouelekeza mtambo. Kwetu, mtu aliyeajiriwa mjini ana wajibu kwa wazazi na ndugu waliobaki mashambani, na wajibu huo ulikuwapo kabla ya rununu, ukibebwa na makondakta wa mabasi na bahasha za barua. Aliyetuma pesa kwa mara ya kwanza alimkabidhi mwenye duka noti halisi naye akapokea maneno tu kwenye kioo cha simu. Huko ni kujitosa majini. Alithubutu kwa kuwa mama alikuwa akisubiri upande wa pili, na kwa kuwa mara nyingi mwenye duka alikuwa mtu wanayefahamiana. Jambo la pili ni kwamba wabunifu walikubali kuambiwa na watu wa chini kwamba mpango wao ulikuwa na kasoro, japo hawakuambiwa kwa mdomo, bali kwa vitendo. Ushirika na usikivu vilikwenda sanjari.

Tatizo ni kwamba si kila mradi una wateja wa kusema kwa vitendo. Miradi mingi hufia chumbani, mezani, kabla ya kumfikia mteja. Na chumbani humo mna mkubwa na wadogo. Hapa ndipo heshima inapoingia. Ni dhahiri shahiri kwamba heshima ni nguzo ya utu wetu. Mtoto hamkatizi mzee maneno, wala mgeni hamkosoi mwenyeji mbele ya watu. Kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu ni fundisho tulilonyonya pamoja na maziwa ya mama. Lakini teknolojia ina tabia moja mbaya: haitambui umri. Waya uliokatika hauungiki kwa sababu aliyeukagua ni mzee, na hesabu iliyokosewa na mkurugenzi huleta jawabu lile lile potovu kama iliyokosewa na tarishi. Kwa hiyo, katika mradi wa aina hii, aliye mdogo kabisa huweza kuwa ndiye pekee anayeijua habari mbaya.

Niliwahi kulishuhudia hilo. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kama mfasiri katika mradi mmoja magharibi mwa Kenya, ambao lengo lake lilikuwa kuwapelekea wakulima ushauri kwa njia ya arafa. Maafisa wa kilimo waliandika ushauri kwa Kiingereza, nami nikaugeuza kuwa Kiswahili. Arafa moja hubeba herufi 160 tu, nafasi za kati ya maneno zikihesabiwa. Ujumbe ukizidi hapo, mtambo huukata vipande, na simu ya mpokeaji ndiyo inayoviunga tena. Ushauri mwingi ambao kwa Kiingereza ulitosha katika arafa moja, kwa Kiswahili ulihitaji mbili. Katika majaribio, vijana walioiunda programu waliona kwamba nyakati nyingine kipande kimoja kilifika na kingine kikachelewa au kikapotea kabisa.

Mtu anaweza kudhani kwamba hilo ni jambo dogo. Lakini mojawapo ya jumbe hizo ilihusu dawa ya wadudu. Nusu yake ya kwanza ilimkataza mkulima kuinyunyiza kwenye sukuma wiki iliyokaribia kuchumwa. Nusu ya pili ilimweleza namna ya kuinyunyiza kwenye mahindi machanga. Mkulima atakayeipata nusu ya pili peke yake atakuwa amepewa ruhusa bila katazo. Mboga hizo zitachumwa, zitapikwa, na watoto watakula.

Wiki moja kabla ya uzinduzi tuliitwa mkutanoni. Kiongozi wa mradi, mzee mwenye heshima zake ambaye sote tulimwita Mzee, aliendesha kikao kwa Kiingereza. Alieleza kwamba mgeni wa heshima alikuwa amekwisha kualikwa, hema zilikuwa zimekodishwa, na kwamba siku hiyo mtambo ungewafikia wakulima wote walioandikishwa. Alipouliza kama kulikuwa na mwenye swali, kimya kilitanda. Vijana waliinamia madaftari yao. Kwenye kiti cha karibu na mlango aliketi dereva wa mradi, mtu wa makamo ambaye kazi yake katika kikao ilikuwa kungoja kiishe. Yeye na Mzee walikuwa wametahiriwa msimu mmoja. Dereva alikohoa, kisha akasema kwa Kiswahili:

"Bakoki, mtambo wako ni bwana harusi aliyevaa suti mpya akasahau viatu. Ndivyo utakavyompeleka kanisani?"

Chumba kizima kiliangua kicheko, na Mzee akacheka kuliko wote. "Viatu gani hivyo, wewe mtu wa usukani?"

"Mimi sijui mambo ya programu. Lakini juzi niliwapeleka vijana hawa kwa wakulima, na simu ya mama mmoja ikaleta mkia wa ujumbe, kichwa kikabaki njiani. Waulize wenyewe."

Mzee aliacha kucheka. Akamgeukia kijana aliyesimamia majaribio, akamwuliza kwa Kiswahili, "Ni kweli, kijana wangu?"

"Ni kweli, Mzee," kijana akajibu, na kutoka hapo maneno yakatiririka kama maji yaliyopata mfereji. Kikao hakikurudi tena kwenye Kiingereza. Uzinduzi ulifanyika siku iyo hiyo, hema zikiwa zimejaa, lakini mtambo ulifunguliwa kwa wakulima wa kata moja tu. Sentensi zikapangwa upya ili kila arafa ijitegemee, na kila katazo likapewa arafa yake. Tulipokuwa tukinywa chai, nilimwuliza yule kijana kwa nini hakusema mapema. Alinijibu kwa upole, "Mzee alikuwa amekwisha kumwalika mgeni. Mimi ni nani hata nimwaibishe mbele ya watu?"

Jibu hilo limenikaa akilini kwa miaka mingi, kwa maana halikuwa jibu la mwoga. Lilikuwa jibu la kijana aliyelelewa vyema. Alichokosa si ujasiri bali idhini. Dereva hakuwa jasiri kumshinda. Alikuwa na idhini ambayo jamii ilimpa tangu ujana wake. Miongoni mwa Wabukusu, watu waliotahiriwa pamoja huitana bakoki, nao huwa na uhuru wa kuambiana mambo ambayo mtu mwingine akiyasema ataonekana ametukana. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, babu na mjukuu wana uhuru kama huo. Nchini Tanzania utani huvuka hata mipaka ya makabila, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, na mtani huweza kuchekesha hata matangani huku akisaidia katika shughuli za mazishi. Kwa hiyo ni kosa kusema kwamba utamaduni wetu haujui kumkosoa mkubwa. Unajua, na umeweka utaratibu wake: umemteua mtu, ukampa lugha ya kutumia, na ukamfunza anayekosolewa kucheka kwanza ndipo afikiri. Tulipojenga ofisi tulimpa mkubwa kiti, tukampa mdogo kiti, ila mtani tukamwacha mlangoni.

Huenda msomaji akauliza kama kimya hiki ni ugonjwa wetu peke yetu. La hasha. Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kurushwa, na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Usiku wa kuamkia siku hiyo, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zake, akiwemo Roger Boisjoly, walikuwa wamepinga kurushwa kwake. Walihofu kwamba baridi ingeikakamaza mipira iliyoziba maungio ya roketi na hivyo gesi ya moto ivuje. Wakuu wao waliyapuuza maonyo hayo, chombo kikarushwa, na hofu yao ikathibitika. Marekani ni nchi inayojivunia uhuru wa mtu kusema atakalo. Wahandisi wale walisema. Kilichokosekana ni utaratibu uliomlazimu mkubwa kulibeba neno la mdogo kwa uzito wake. Kuwa na mdomo ni jambo moja. Kuwa na sikio la kuupokea ni jambo jingine.

Kwa upande mwingine ipo Japani, nchi ambayo lugha yake ina viwango vingi vya adabu na ambamo mdogo humwinamia mkubwa. Katika viwanda vya magari vya Toyota, mfanyakazi wa kawaida anayeona kasoro huivuta kamba iliyo juu ya sehemu yake ya kazi, au hubonyeza kitufe pale ambapo kamba imeondolewa. Kiongozi wa kikundi huja mara moja, na kasoro isipotatuliwa kwa wakati, kazi ya mstari mzima husimama. Mfanyakazi huyo hajamvunjia mtu heshima. Ametimiza wajibu wake. Toyota haikungoja Wajapani waache kuheshimu wakubwa. Iliifanya idhini ya kusema kuwa sehemu ya mtambo. Kamba ile, kwa maoni yangu, ni binamu wa mtani.

Najua kwamba hoja hii ina mipaka yake. Utani ni upanga wenye makali kuwili. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka 2007, Wakenya tulijifunza kwa uchungu kwamba mzaha juu ya kabila la mtu huweza kuwa mbegu ya chuki, na ndiyo maana Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 iliharamisha matamshi ya chuki. Pia, mkubwa akimtania mdogo asiyeweza kumjibu, huo si utani tena bali ni uonevu. Tena mradi hauwezi kutegemea bahati ya kuwa na dereva aliyetahiriwa pamoja na mkurugenzi. Kwa hivyo sipendekezi kwamba tuanze kuchekana ofisini. Napendekeza tuichukue kanuni iliyo ndani ya utani: kwamba katika kila kikundi awepo mtu mwenye idhini inayojulikana na wote ya kulisema neno baya, na kwamba kulipokea neno hilo liwe sehemu ya hadhi ya mkubwa.

Kanuni hii inatekelezeka. Kila kikao cha mradi kinaweza kumteua mtu mmoja, kwa zamu, ambaye kazi yake siku hiyo ni kueleza namna mpango unavyoweza kuharibika. Akiwa ameteuliwa, hamwaibishi yeyote. Anatimiza zamu yake kama anayepika chai. Kiongozi naye anaweza kuwaanza wadogo katika kutoa maoni, ili asiwepo anayelazimika kumpinga mzee aliyekwisha kusema. Hasara nayo ikatwe mafungu kama ilivyokatwa michango ya harambee: mtambo upelekwe kwanza kwa kata moja, si kwa wilaya nzima, ili kuanguka kwake kuwe funzo badala ya msiba.

Liko jambo jingine ambalo linatuhusu sisi wa Kiswahili moja kwa moja. Mara nyingi wanafunzi wenzangu hudhani kwamba nafasi yetu katika teknolojia ni kuunda istilahi tu: kama tuseme tarakilishi au kompyuta, arafa au ujumbe mfupi. Kazi hiyo ni muhimu, lakini si yote. Lugha ya kikao huamua ni nani atakayenena. Mtu anayekihesabu Kiingereza chake kabla ya kufungua kinywa hatakitumia kulisema jambo la hatari, atakitumia kukubali. Kiswahili, kwa upande wake, kimejaa njia za kumpinga mkubwa bila kumvunjia heshima: "samahani, Mzee," "kwa idhini yako," "naomba kuuliza kwa kutojua," pamoja na mafumbo na methali ambazo humwachia msikilizaji nafasi ya kujikosoa mwenyewe. Wanaisimu wetu wa pragmatiki huyafundisha haya kama mada za mtihani. Ingefaa pia yafundishwe kwa wanafunzi wa uhandisi na wa sayansi ya tarakilishi kama vifaa vya kazi.

Wanaodai kwamba methali zetu humfunza mtu woga wazisome zote. Ni kweli zipo zinazosema usiache mbachao kwa msala upitao, na kwamba haraka haraka haina baraka. Lakini zipo pia zinazosema ngoja ngoja huumiza matumbo, na mficha maradhi kifo humuumbua. Hazigongani, zinajadiliana, na kila moja hungoja mahali pake. Iliyo bora kwa kiongozi wa mradi wa teknolojia, nadhani, ni ile isemayo kwamba mkubwa ni jalala. Jalala hupokea kila kitu, pamoja na kile ambacho hakuna mwingine anayetaka kukigusa. Mkubwa wa aina hiyo hapungukiwi na heshima anapoletewa habari mbaya. Ndipo ukubwa wake unapothibitika.

Ninaiwasilisha hoja hii kwa wanachama wenzangu na kwa walimu wetu ili waijadili, waikosoe na, ikibidi, waitanie.